Mama Alishuka Vipi Kutoka Paani

Shida zangu zilianza mwaka wa 1971, nikiwa na miaka tisa, baba alipokufa na tukamzika kule nyumbani upande wa Kombewa, akaniacha darasa la tatu. La nne sikuliona. Nasema hayo mapema ili mwenye digrii ajue anamsoma nani, na kama hapendi, aache hapa hapa tusipotezeane muda.

Kazi yangu ni kukaanga mgongo wazi, hapa Manyatta. Kwa mtu asiyeishi Kisumu nieleze kidogo. Kiwandani wanamchukua mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani, wanakata minofu yote na kuipeleka Ulaya kwa ndege. Kinachobaki, yaani kichwa, uti wa mgongo na mkia, wanatuuzia sisi. Tunaanika juani, tunakaanga kwenye karai mpaka mifupa inalia ikivunjwa, na watu wanakula kwa ugali na kulamba vidole. Zaidi ya miaka thelathini nimekaanga mifupa. Nimesomesha mtoto kwa mifupa. Nimejenga kwa mifupa. Kwa hiyo mtu akiniambia ati hajui aanzie wapi maishani kwa sababu amepewa kidogo, huwa namuangalia tu.

Kusoma pia samaki ndiye alinifundisha. Hapo zamani tulikuwa tunafunga samaki kwa gazeti, na mimi nilikuwa nanunua magazeti makuukuu ya Kiswahili kwa kilo pale soko la Kibuye. Kabla sijafunga, nasoma. Mwanzo nilisoma kichwa cha habari tu, tena kwa kidole. Baadaye nikazoea hadithi, zile zilizokuwa zinaendelea wiki kwa wiki. Shida ni kwamba gazeti la wiki inayofuata halikuwepo kwenye kilo yangu, au lilikuwepo lakini mteja alikuwa ameondoka nalo limejaa mafuta. Nimesoma hadithi nyingi sana katika maisha yangu, na miisho yake imeliwa na watu wa Manyatta. Ndiyo maana nilipoamua kuandika yangu nilisema jambo moja tu: itakuwa na mwisho, na mwisho huo hautaondoka na mtu.

Niliandika katika madaftari makubwa ya dukani, yale ya jalada gumu, nimekaa kando ya karai nikingoja mafuta yachemke. Daftari sita. Nikigeuza samaki naacha sentensi, nikirudi naikuta pale pale. Watu walidhani naandika madeni, kwa hiyo wengi walipita wakiangalia upande mwingine.

Hadithi yenyewe ilikuwa ya mama yangu. Niliiita riwaya kwa sababu nilibadilisha kijiji, nikapunguza watoto, na nikampa mama sauti nzuri ya kuimba, kitu ambacho Mungu hakumpa. Mengine yote yalikuwa vile vile. Mume anakufa. Mvua inakuja na nyumba ya nyasi inavuja. Kwetu, siku hizo, paa la mjane halikuguswa na fundi yeyote mpaka mjane arithiwe na ndugu wa marehemu. Na ndugu aliyekuwepo alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba, mtu ambaye mama hakumtaka hata kwa kumsalimia. Mwanamke naye kupanda paa ilikuwa mwiko mkubwa, kama kuita kifo. Wazee walikaa wakamwambia mama akubali arithiwe kwanza, halafu nyumba itatengenezwa. Mama akawajibu mbele ya kila mtu, "Kinachovuja ni nyumba. Mimi sivuji."

Tulilala chini ya maji msimu mzima. Halafu siku moja baba mdogo alikwenda sokoni, na mama akachukua ngazi ya shemeji yake huyo, akafunga nyasi mgongoni, akapanda.

Riwaya yangu iliishia hapo. Mama juu ya paa anafunga kishada cha mwisho, anainua macho, analiona ziwa lote mpaka ng'ambo. Nikaandika MWISHO kwa herufi kubwa na kupiga mstari chini yake mara mbili.

Binti yangu ni mwalimu huko Bondo. Likizo moja nzima aliipiga ile kazi kwenye kompyuta, akilalamika kuhusu mwandiko na madoa ya mafuta, halafu akaituma kwa wachapishaji fulani Nairobi. Walijibu siku hiyo hiyo kwamba wameipokea kwa furaha. Baada ya furaha hiyo wakanyamaza miezi kumi na minne. Mimi samaki wangu akikaa tangu asubuhi mpaka jioni bila kuguswa, ananuka na majirani wanasema. Hawa watu walikaa na mama yangu miezi kumi na minne na hawakusikia chochote.

Kisha wakaleta maoni ya wasomaji wawili. Wa kwanza alisema lugha yangu ni chafu lakini ina nguvu. Wa pili alisema ina nguvu lakini mjane angeonyesha maumivu zaidi. Nikamuuliza binti yangu hawa ni akina nani. Akasema majina yao yanafichwa, ndiyo taratibu. Nikamwambia hata hapa sokoni wako watu wanaosema wenzao bila kutaja jina, na hatuwalipi.

Ukaja mkataba. Wachapishaji wa vitabu vya Kiswahili, barua zao za Kiswahili, bango la mlangoni Kiswahili, lakini mkataba Kiingereza, kurasa kumi na mbili. Nikaomba wanitafsirie. Wakasema hiyo ni lugha ya sheria. Nikauliza kama nikivunja hiyo sheria nitafungwa kwa Kiingereza. Basi nikaukunja mkataba nikauweka ndani ya Biblia, bila sahihi, nikasema nitausoma polepole. Wao wakaona mama mzee wa samaki atakataa nini, wakaanza kazi bila kungoja.

Kazi yenyewe ilirudi kwa binti yangu ikiwa nyekundu mwanzo mpaka mwisho. Nilidhani mtu amekatwa. Sura ya kwanza niliianzia siku hizi hapa Manyatta, na kila mtu wa mtaa niliyekuwa nimemwandika anavyozungumza, alikuwa amesafirishwa mpaka Pwani. Kijana wa boda boda, ambaye mimi nilimwachia aseme "Mathe, panda twende," sasa alikuwa anasema, "Ewe mama, waelekea wapi jua hili?" Kijana wa boda boda akikusemesha hivyo hapa Kondele, mtaa jirani, shuka ukimbie, huyo ana mpango na mkoba wako.

Jalada nalo lilikuja. Jua jekundu linazama, mti mmoja umesimama peke yake, na chini yake mwanamke mwembamba mweusi kama kivuli amebeba mtungi kichwani. Nikatafuta paa. Hakuna paa. Nikatafuta nyumba. Hakuna nyumba. Nikamuuliza binti yangu huyo mwanamke ni nani. Akasema, "Ni ishara tu, Mama." Sawa. Ishara amebeba maji, na shida ya mama ilikuwa maji mengi ndani ya nyumba.

Lakini hayo yote ningeyameza. Mimi ni mfanyabiashara, najua mteja atakuondolea hiki na kile. Kilichonisimamisha kilikuwa sura ya mwisho. Sura ya mwisho haikuwa yangu. Mama hakupanda paa. Amekaa chini, analia, na gari jeupe linaingia bomani. Yanatoka mabati. Wanatoka vijana wenye fulana zinazofanana, wanaezeka nyumba kwa siku moja, na mama anatoa hotuba ya haki za wajane yenye kurasa tatu.

Nilimpigia mhariri wao simu mwenyewe. Alikuwa msichana mpole, akasema tusizungumze jambo kubwa kwa simu, atakuja Kisumu. Alipanga tukutane kwenye hoteli ya kando ya ziwa, nikamwambia Jumatano mifupa inafika kutoka kiwandani, akinitaka anifuate karaini. Akaja kweli, na viatu vyeupe. Nikamtandikia gunia akanyagie, nikampa kiti, nikampa na mgongo wazi kwenye sahani.

"Mama, hadithi yako ni nzuri sana," alisema. "Tatizo ni mwisho tu."

"Mwisho una nini?"

"Msomaji hataamini. Mjane, kijijini, miaka hiyo, apande paa peke yake?"

"Msomaji gani?"

"Msomaji wa kawaida."

"Mlete nimuone."

Akacheka, akadhani natania. Akanieleza kwamba kuna shirika fulani la Ulaya linalofadhili vitabu vya kupeleka maktaba za shule, na shirika hilo linapenda hadithi zenye matumaini. Nikamuuliza matumaini ndiyo yale mabati. Akasema kwa njia moja, ndiyo. Nikamuuliza mwaka wa 1971 hilo gari jeupe lilipitia barabara gani kufika kwetu, kwa sababu hata gari la kubeba maiti ya baba lilikwama na tukamalizia kwa miguu.

"Ukweli pekee hautoshi kwenye riwaya, Mama," alisema, bila ubaya. "Lazima kitu kikamilike."

Neno hilo lilinirudia baadaye, na sikufurahi. Lakini siku ile nilimwona anapekua sahani kwa ncha za vidole viwili.

"Mama, nyama iko wapi?"

"Iko Ulaya," nikamwambia. "Na sasa unataka na kitabu kikaifuate."

Aliondoka na ndege ya jioni. Wiki hiyo nilitoa mkataba kwenye Biblia, nikauona bado mweupe pale pa sahihi, nikawatumia ujumbe mfupi kwamba mama yangu hashuki kwa ajili ya gari la mtu. Binti yangu alikasirika sana. Aliniambia hao ni wataalamu, kwamba watu wanaomba nafasi kama hiyo miaka na miaka, na kwamba kiburi changu kitanizika na daftari zangu. Nikamwambia kiburi hicho ndicho kilimlipia karo. Tukakaa mwezi hatuzungumzi.

Sasa, katikati ya mji kuna mzee mmoja mwenye mashine za kuchapisha. Ni Muislamu, Mhindi kama tunavyosema hapa, na familia yake iko Kisumu kabla ya yangu. Dholuo, lugha yetu, anaizungumza kuliko binti yangu. Anachapisha kadi za harusi, vitabu vya risiti, na zaidi ya yote programu za mazishi, vile vijitabu vyenye picha ya marehemu, historia yake na orodha ya jamaa. Alhamisi hupati nafasi kwake hata ukilia, kwa sababu watu wanazikwa Ijumaa na Jumamosi. Nilimpelekea kazi yangu, ile ya kwanza kabla haijawa nyekundu. Akanipanga baada ya wafu. Nikakubali, wafu walikuwa na haraka zaidi.

Alikuwa ameniambia kabisa, "Mimi nachapisha tu, Mama. Kusoma si kazi yangu." Lakini Jumatatu moja akaniita dukani. Nikamkuta na kurasa mezani, miwani imeshuka puani.

"Kitabu iko sawa," alisema. "Mimi nauliza kitu moja tu. Huyu mama alishuka aje?"

"Alishuka wapi?"

"Kwa paa."

"Mzee, kitabu kimekwisha. Pale ndipo mwisho."

"Kwako imekwisha. Mimi tangu jana namuacha huko juu. Umesema ngazi ni ya shemeji, ameenda soko. Si atarudi? Akirudi atataka ngazi yake. Sasa mama anashuka na nini?"

Nikamwambia yeye ni mtu wa mashine, akae na mashine zake. Nikatoka. Nilitembea mpaka Manyatta kwa miguu, mimi ambaye siku hizi nikienda kununua chumvi napanda boda. Siku hiyo niliunguza karai mbili, na wanawake wenzangu wa kukaanga wakaulizana kama nina homa.

Niliwacheka wachapishaji miaka miwili kwa sababu walitoa miiba kwenye hadithi yangu, kama ya samaki, ili mtu asikwamwe. Na mimi nilikuwa nimetoa mwiba mmoja kabla yao wote, mkubwa kuliko yote, na kuuficha mahali ambapo hata wao wenye kalamu nyekundu hawakuuona. Aliyeuona ni mtu wa programu za mazishi.

Nilisema mwanzoni kwamba shida zangu zilianza baba alipokufa. Si kweli kabisa. Baba alikufa mwezi wa tatu na shule niliendelea kwenda. Niliacha shule mwezi wa sita, na ni kwa sababu hii.

Mama hakupanda peke yake. Ngazi ile ilikuwa fupi na mguu wake mmoja ulikuwa unacheza, kwa hiyo aliniweka chini niishike. Aliniambia, "Usiache mpaka nishuke." Nilishika. Nyasi zilikuwa zinanidondokea kichwani, na yeye huko juu alikuwa anahema na kutukana paa. Halafu baba mdogo akarudi mapema kutoka sokoni. Hakupiga kelele. Alisimama karibu yangu, akamtazama mama huko juu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Hiyo ngazi ni yangu. Toka." Nami nikatoka. Akaibeba begani, akaniambia nimfuate, nikamfuata mpaka jikoni kwake, na huko akanipa kiazi kitamu.

Nilikuwa na njaa. Nilikuwa nakipuliza, kilikuwa bado cha moto, niliposikia mama ananiita. Aliniita mara tatu. Sikuitika, kwa sababu baba mdogo alikuwa mlangoni ananiangalia, na kwa sababu kiazi kilikuwa mkononi. Kisha nikasikia mshindo.

Mguu wake wa kulia ulivunjika, na ukaunga vibaya. Wote walisema ndiyo hayo, mwiko umejibu. Hakuna aliyesema kuhusu ngazi. Mama alikuwa akiuza samaki, na sasa hakuweza tena kuwabeba mpaka sokoni, kwa hiyo nikabeba mimi, na shule ikaisha. Alichechemea mpaka alipokufa akiwa mzee. Hakuwahi kuniuliza nilikuwa wapi, hata siku moja. Paa nalo halikuvuja tena.

Niliandika hayo Jumatatu iliyofuata, kwa asubuhi moja, kurasa nne, kando ya karai baridi. Nilimpelekea mzee wa mashine. Alisoma amesimama. Alipomaliza akavua miwani, akaifuta kwa shati, na yote aliyosema ni kwamba hizo kurasa nne zimefika kwa wakati, kesho ni Jumanne, wafu bado hawajajaa.

Kuhusu jalada nilimwambia sitaki jua wala mti. Nataka kitu cha heshima. Hapo kosa ni langu, kwa maana heshima ya mtu wa programu za mazishi ni ya aina moja. Na kurasa za mwisho, alipoomba niandike shukrani, niliandika ninavyojua orodha ya watu inavyoandikwa: mtoto wa marehemu fulani na marehemu fulani, mama wa fulani wa Bondo, dada wa fulani, shangazi ya wengi. Nilihakikisha simwachi mtu, kwa sababu kwetu ukimwacha mtu kwenye orodha atakununia mpaka azikwe.

Vitabu vilipotoka nilifunga boksi moja nikalituma Ijumaa kwa gari la Kombewa, kwa binamu yangu, mtoto wa yule baba mdogo, ambaye ndiye anaangalia boma siku hizi. Nilipanga nifike Jumamosi asubuhi kuweka nakala ya kwanza kwenye kaburi la mama. Simu yangu ilikuwa imeanguka ndani ya mafuta ya moto siku ya Alhamisi, na simu iliyokaangwa haiiti wala haiitiki.

Jumamosi nilishuka kwenye boda pale langoni nikaona turubai la bluu. Viti vya plastiki vimepangwa. Spika mbili. Wanawake wa kanisa wamefunga vitambaa. Nikajua kuna aliyekufa, na mimi nikaanza kulia pale pale kama inavyotakiwa, nikaingia na mikono kichwani nikiuliza ni nani, jamani, ni nani.

Mama mmoja alianguka kutoka kwenye kiti. Ndipo nikaona kila mtu ameshika kitabu changu. Juu yake picha yangu ndani ya duara, maua kila upande, njiwa mmoja amekaa kona, jina langu kubwa, na chini yake mwaka niliozaliwa na kistari. Jina la kitabu lilikuwa chini kabisa, dogo, kama jina la kanisa litakaloongoza ibada.

Binamu yangu alinijia polepole, akanigusa bega kwa kidole kimoja.

"Uko?" aliniuliza.

"Niko. Nani amenunua turubai?"

"Tumekodi."

"Na huo moshi nyuma ya nyumba?"

Akaangalia chini. Walikuwa wamechinja ng'ombe alfajiri. Wangu.

Nikamuuliza kama hakuna hata mmoja aliyefungua ndani. Akasema wengi walifungua nyuma, wakatafuta majina yao kwenye orodha, wakayaona, wakaanza kulia. Mmoja tu ndiye aliyesema programu imekuwa nene kidogo, wakamjibu kwamba marehemu alikuwa mtu wa maneno mengi.

Binti yangu alifika dakika chache baadaye kutoka Bondo, amevaa viatu viwili tofauti. Alinishika na hakuniachia muda mrefu, halafu akaangalia jalada, akasema, "Mama, ungekubali tu lile la mtungi." Hivyo tukawa tumepatana.

Sasa watu mia na kitu wamekaa, nyama inachemka, kipaza sauti kimekodiwa na kimewashwa, na mchungaji ana programu mkononi na hajui afanye nini nayo. Kwetu watu wakikaa hivyo hawaendi nyumbani kabla hawajasomewa historia. Nikamwambia mchungaji anipe kipaza sauti. Nikawaambia kwamba aliyekufa hayupo, lakini historia ipo, na wakae.

Niliwasomea kurasa nne za mwisho. Nilisoma na kidole, kama zamani, kwa sababu macho hayakuwa sawa. Nilisoma ngazi, nikasoma kiazi, nikasoma mara tatu alizoniita. Kaburi la mama lilikuwa hatua kama ishirini kutoka nilipokuwa nimesimama. Wale wazee waliobaki, waliokuwepo miaka ile, walikuwa mstari wa mbele kwenye viti vyenye mikono. Nilipofika mwisho, mama mmoja mzee sana, ambaye zamani alikuwa jirani yetu, alisema bila kuinuka, "Ilikuwa ngazi. Si mwiko." Akasema tena, kwa Dholuo, ili waliokuwa nyuma wasikie.

Hiyo ndiyo tuzo niliyopata. Wengine hupewa yao hotelini.

Binamu alinifuata nikila nyama ya ng'ombe wangu.

"Umemweka baba yangu kwenye kitabu."

"Sikumtaja jina."

"Kila mtu anajua ngazi ilikuwa ya nani."

"Basi sikuwa na haja ya kumtaja."

Kisha akaniomba, kama nitachapisha tena, niongeze mstari mmoja kwamba ile ngazi baba yake alikuwa anaihitaji siku hiyo kwa kazi nyingine. Tazama. Nairobi walitaka mabati, Kombewa wanataka sababu. Nikamwambia aniandikie barua, nitaipeleka kwa wasomaji wawili wasio na majina, na baada ya miezi kumi na minne nitamjibu.

Mhariri yule wa viatu vyeupe alinitumia ujumbe mwezi uliopita. Amesikia kitabu kimetoka, akanunua nakala moja, akakisoma. Aliandika kwamba mwisho mpya ungebadilisha kila kitu, na akauliza kwa nini sikumpa ule. Nilimjibu kwamba aliniuliza kama mama alipanda kweli. Hakuniuliza alishuka vipi.

Leo nina vitu hivi. Vyumba vinane vya kupangisha Manyatta, havivuji. Karai tatu, moja imetoboka. Friji moja ya kuhifadhi samaki. Nyumba ya matofali Kombewa. Kaburi la mama, lenye saruji, na kitabu kimoja juu yake ndani ya mfuko. Binti mmoja. Simu mpya. Mkataba mmoja wa Kiingereza, kurasa kumi na mbili, bila sahihi. Daftari sita za mafuta, na ya saba nimeanza. Nakala arobaini za kitabu. Zile zenye njiwa, mzee wa mashine amesema toleo lijalo atamtoa. Ngazi moja ya chuma, ndefu, ambayo jirani yeyote anaazima, ila lazima nije mimi mwenyewe niishike mpaka ashuke. Ng'ombe watatu. Walikuwa wanne.